Chozi wa Manubhai

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, Manubhai alichovya kidole cha mwisho kwenye jagi la maji ya sukari, akalamba. Kikombe kimoja cha sukari, vinne vya maji. Akiridhika, aliwajazia ndege chupa zao. "Chai tayari!" aliwaambia.

Walikuwa ndege wavumaji, wadogo kama kidole gumba, walioletwa kutoka misitu ya mvua ya Amerika Kusini hadi nyumba ya vioo ya bustani moja mjini Birmingham. Manubhai aliwaita chozi, ndege aliowazoea miaka yote ya duka lake Kakamega. Na kwa kuwa chozi hutua anapokunywa maji matamu ya maua, alifunga kijiti kando ya kila chupa. Wavumaji hawakuvijali. Walisimama hewani, mabawa yamegeuka ukungu, wakafyonza, wakafukuzana.

"Wana maringo hawa," alimlalamikia Kemunto. "Kiti nimewawekea, hawakai!"

Kemunto, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja kila Jumamosi kutoka mtaa wa Handsworth kusoma penye joto. Alikuwa na haya. Alicheka tu, hakuuliza kitu.

Jumamosi moja ya Februari 1972, baada ya umeme kukatika usiku kucha, alimkuta Manubhai na mvumaji wa kijani kiganjani. Ndege alikuwa baridi, amekakamaa, macho yamefumba.

"Huyo amekwisha, Manu," alisema msimamizi wa bustani. "Mtupe, uhudumie walio hai."

"Ndiyo, bwana."

Lakini aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamfunika kwa viganja viwili. Kemunto alimimina chai kutoka kwenye thamosi ya mzee Manubhai, akashika kikombe chini ya mikono yake. Mvuke ulipanda kati ya majani mapana. Matone yalidondoka, polepole, kana kwamba msitu mzima ulikuwa ukiota ndoto na wao wamo ndani yake.

Kisha kitu kikatikisika ndani ya viganja. Ndege aliruka, akayumba, akatua kwenye kijiti. Akanywa ameketi.

Wiki ile Kemunto alisoma kwamba huko msituni wavumaji hupoa hivyo usiku ili wasife njaa, kisha huamka kunapopambazuka. Jumamosi iliyofuata alijikaza.

"Mzee, ulijua amelala tu?"

"Hapana, binti. Nilijua amekufa. Lakini alikuwa hajanywa chai."