Nyota Nyeupe Mlangoni kwa Bibi Nhan

Bibi Nhan huuza supu ya tambi na konokono mlangoni mwa nyumba yake, na sisi tunakaa ghorofa ya juu. Watu wakimuuliza sisi ni nani, hujibu, "Hao ni Wafilipino wangu, wanakaa juu ya kichwa changu." Ana miaka sabini na moja, mwembamba, na ameuza supu pale tangu mumewe yu hai na tramu bado zinapita Hanoi. Sijawahi kumwona amekaa bila kisu au upawa mkononi.

Mwanangu Doming hupiga gitaa kwenye ukumbi wa hoteli. Mkewe, Marites, anafundisha Kiingereza chekechea. Mimi niliitwa nije kumlea mjukuu wangu Amihan akiwa mchanga, nikasema nitakaa miezi sita. Sasa Amihan ana miaka tisa. Kivietnamu chake humshangaza hata mwalimu wake, changu ni cha sokoni, lakini hakuna muuzaji anayenipandishia bei akaondoka salama.

Mwaka huu Desemba ilitukuta roho juu. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha, na mtoto wa Bibi Nhan alikuwa akimshikilia mama yake atutoe, afanye vyumba vya watalii. Bibi Nhan hakusema ndiyo wala hapana. "Nitawaambia kabla ya Krismasi yenu," alisema. Tukitolewa tungehamia ng'ambo ya mto, na Amihan angeacha shule na marafiki wote aliokua nao. Mwezi mzima tulipanda ngazi kwa ncha za vidole.

Lakini Krismasi haingoji mkataba. Kwetu Pampanga nyimbo zake huanza Septemba, na Doming alikuwa ameshazipiga mpaka wapishi wa Kivietnamu hotelini wanaziimba wakikata vitunguu. Ile nyota yetu ya plastiki tuliyokuwa tukiitundika kila mwaka ilikuwa imevunjika. Nikasema tutengeneze yetu, kama alivyokuwa akitengeneza marehemu mume wangu Isko, fundi wa taa za nyota kule San Fernando. Doming alichonga mianzi. Karatasi nilichagua mimi. Niliipata kwa wauza karatasi, nyeupe, ya kutengenezwa kwa mkono, mwanga ukipita ndani yake unakuwa kama maziwa.

"Mama, nyekundu ingependeza zaidi," Doming alisema.

"Ile ya kanisani baba yako aliifanya nyeupe. Wewe taa umejifunzia wapi, kwenye gitaa?"

Akapaka gundi.

Jumamosi aliitundika juu ya mlango wa chini, kwa sababu roshani yetu ilijaa nguo zisizokauka. Ilikuwa na mikia miwili mirefu, nayo myeupe. Bibi Nhan hakuwepo, alikwenda kwa binti yake kwenye kumbukumbu ya marehemu mumewe. Mimi nilikuwa na kikohozi siku ya tano, sijatoka nje, kwa hiyo wenzangu walikwenda wenyewe ziwani kupiga picha kwenye mataa. Walirudi pua zimewaiva kwa baridi, wanacheka, Amihan ameficha kiazi kitamu cha kuchoma ndani ya jaketi ili kinifikie na moto wake.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Nilifungua nimevaa koti la hotelini la Doming, taulo kichwani. Alikuwa mama Thoa, muuza mboga wa uchochoro wetu, ameshika ubani na mkungu wa ndizi. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wawili wameinamisha vichwa.

"Tumekuja kutoa pole," alisema, macho chini. "Bibi yule alikuwa mwanamke mzuri. Mkali kwenye bei, lakini mzuri."

"Bibi gani?"

Akainua macho. Ndizi zikashuka taratibu mpaka sakafuni.

"Wewe," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka tisa nimesimama kando ya barabara nikiangalia mazishi yao yakipita, vitambaa vyeupe vichwani, taa nyeupe milangoni, na bado mkono wangu ulikwenda kwenye karatasi nyeupe. Nilitaka ya Isko, basi sikuona kingine.

Ndizi nilizipokea. Zilikuwa zangu.

Bibi Nhan alirudi saa nne, amepakiwa pikipiki na mwanawe. Aliitazama nyota, akatazama viti vyake vitupu. Wateja waliozoea kumngojea pale walikuwa wamepita mbali tangu alfajiri.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi," Doming alisema, tayari yuko juu ya kiti anaishusha. "Ni nyota ya Krismasi. Tusamehe."

"Tet imebaki miezi miwili mnaniwekea msiba mlangoni. Nani atakanyaga nyumba ya msiba siku ya mwaka mpya? Wanangu wenyewe wataniamkia kwa simu."

"Si nilikwambia, mama," mwanawe akasema. "Watoe."

"Nimekusikia. Kawashe makaa."

Akatugeuzia mgongo, na hilo ndilo lililotutisha. Marites alianza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye sanduku bila kuambiwa na mtu.

Jumatatu nilijifunga skafu nikashuka. Nilikaa kwenye kile kigoda chake kifupi, magoti karibu na kidevu, nikaagiza bakuli. Sikuzoea kuomba radhi. Nilingoja mpaka aweke siki.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Mwanangu alitaka nyekundu."

"Najua. Mwanao hana kichwa kigumu namna hiyo."

Nikameza hilo pamoja na supu. Kisha nikamwambia tunavyosema sisi, kwamba mtu akililiwa angali hai, kifo hudhani kazi yake imekwisha, kikaenda kwingine.

Aliacha kukoroga. "Umezaliwa mwaka gani, dada?"

"Hamsini."

Akahesabu kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole. "Mwaka wa Chui milia. Na mwaka unaokuja ni wa Farasi. Hao wanapatana." Akanitazama kama anayechagua kuku. "Mjane. Hilo si zuri. Lakini umekufa ukarudi, hilo linafidia. Tet iliyopita mwanangu alimleta mtu wa benki akanyage nyumba wa kwanza. Mguu umeniuma mpaka leo." Kwao mgeni wa kwanza wa Tet ndiye huleta bahati ya mwaka mzima, au mkosi.

"Pole."

"Utakuja wewe. Utavaa nyekundu, utaingia kwa mlango huu kabla ya mtu yeyote."

Kwanza nilimaliza konokono niliyekuwa naye.

"Tet mimi nitakuwa ng'ambo ya mto," nikasema. "Mkataba unaisha mwezi huu. Na miguu hii, mpaka nifike, mtu wa benki atakuwa ameshakunywa chai."

Mwanawe, aliyekuwa anaosha mabakuli, alifungua mdomo. Bibi Nhan alimwonyesha upawa, akaufunga.

"Miaka miwili," akaniambia. "Na nyota yenu muifunike nyekundu. Mikia pia."

Niliipanda ile ngazi kwa kishindo.

Siku ya Krismasi tulikula mchana, maana jioni Doming anapiga hotelini. Bibi Nhan alipanda juu kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Amihan alimpokea mkono akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaamkia wakubwa, naye akamwachia bila kushangaa. Alionja tambi zetu za sherehe, akatafuna kwa muda.

"Mmetia sukari kwenye tambi," akasema, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Alikula sahani mbili. Baadaye alitaka gitaa, na Doming akampigia wimbo wa zamani wa Hanoi aliojifunza kwa wapishi. Aliusikiliza mikono imelala mapajani, mitupu.

Sasa kila siku ya tatu nasikia ndara zake ngazini. Ananiletea tangawizi, anasikiliza kifua changu kwa sikio lake, ananiuliza nimelalaje. Jana alinishusha hadi mlangoni nijizoeze kuingia, chini ya nyota nyekundu, wateja wakituangalia.

"Mguu wa kulia," alisema. "Na kikohozi hicho kiache kwenu juu. Usinifie kabla ya Tet."

"Baada ya Tet je?"

"Baada ya Tet kuna mkataba," akasema, akarudi kwenye sufuria.