Tone la Petroli Kiganjani

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Stoo alinimiminia petroli kiganjani. Hakuniuliza jina wala cheti. Stoo ilikuwa Nachingwea, mali ya mradi wa kupulizia mikorosho, chumba kirefu chenye madirisha ya wavu, na mimi nilikuwa binti wa Ruponda niliyejua jembe na ufuta, basi.

"Usifute," alisema. "Ngoja."

Nikangoja. Mkono ukapoa, kisha ukakauka, usibaki na kitu.

"Hiyo ni safi. Ikikuachia utelezi, ina oili. Ikichelewa kukauka na ikanuka koroboi, wamekuwekea mafuta ya taa. Irudishe ilikotoka, usimwonee mtu haya."

Hadi leo nikijilaza mchana naiota ile harufu. Wanangu wananicheka: wenzangu wanaota marehemu wao, mimi naota madumu. Nayaona yamepangwa juu ya mbao, si sakafuni, mbali na jua, hakuna lililojazwa hadi mdomoni, maana petroli hutanuka joto likipanda. Ubavuni mwa kila dumu kuna chaki inayosema siku lilipoingia. Bwana Stoo aliamini kwamba petroli huharibika kama maziwa, ila yenyewe haigandi ukaona. "Ikipita miezi mitatu," alisema, "wape wenye pikipiki, na uwaambie ukweli." Ninyi mnaoiuza barabarani kwenye chupa za maji, juani, ningependa mngemsikia.

Baadaye nilihamishiwa Ruangwa, nikawa peke yangu stoo. Huko mradi ulikuwa na wakulima ng'ambo ya mto Mbwemkuru, na kwa ajili yao tulikuwa na boti moja yenye mashine ya kupachika nyuma. Sehemu kubwa ya mwaka boti ililala chini ya turubai, na watu walivuka mchangani kwa miguu. Mvua zikikolea, mto ulijaa, boti ikawa ndiyo barabara. Nahodha wake aliitwa Bakari, mtu wa Narung'ombe aliyejifunza mashine pwani, mpole wa maneno, mcheshi akitaka. Nilimfundisha kupima petroli kiganjani. Naye alinifundisha kuichuja kwa kitambaa cha fulana, na kuiacha itulie kwenye chupa nyeupe ili maji, kama yamo, yaonekane chini.

Mashine ya boti na zile za kupulizia zote zilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, lakini vipimo havikufanana. Ya boti ilitaka lita hamsini za petroli kwa lita moja ya oili. Za mikorosho zilikuwa kuukuu, zikitaka ishirini na tano kwa moja. Halafu kulikuwa na salfa, ile dawa ya unga ya kutibu ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho. Asubuhi za kupulizia, mashamba yote yalifunikwa na ukungu wa manjano, na watu walitembea ndani yake kimyakimya kama wamo usingizini. Nilizipenda asubuhi zile. Lakini unga ule uliingia kila mahali, hadi kwenye madumu.

Mwaka mmoja dumu moja la petroli iliyokwisha kuchanganywa kwa mikorosho lilibaki baada ya kupulizia. Kwetu kumwaga kitu ni aibu. Mama yangu alikuwa akitunza hata maji ya kuoshea mchele. Nikaliweka pembeni. Masika ikafika, gari la petroli likanasa kwenye tope, na Bakari akaja akihema.

"Dada, kuna mama kaumwa na nyoka ng'ambo. Nipe chochote."

Sikuwa na kingine. Ningeweza kumwambia hiyo ni ya mikorosho, imekaa tangu kiangazi. Badala yake niliifuta ile chaki kwa pembe ya kanga, nikampa.

Alivuka kwenda salama. Wakati wa kurudi na yule mama, katikati ya maji, salfa ikaziba kabureta, mashine ikakosa petroli na oili, pistoni ikanasa. Mto uliwachukua mbali kabla hawajakwama kwenye mchanga. Mama yule alipona, namshukuru Mungu mpaka leo.

Meneja wa mradi alituita wote wawili. "Nahodha ameua mashine kwa uzembe," alisema. "Stoo mnasemaje?"

"Petroli ilitoka safi," nikasema.

Bakari alinitazama, akainamisha kichwa. Wiki ile ile alirudi kwao kulima.

Nikaendelea na kazi miaka mingi, na niliifanya vizuri, nasema bila kujisifu. Siku ya kuniaga kustaafu, Meneja mpya alisimama akasema mama huyu hajawahi kuharibu injini hata moja. Nikalia. Wakapiga makofi, wakidhani ni furaha.

Wiki iliyofuata nilipanda pikipiki hadi Narung'ombe. Nilimkuta Bakari anapalilia mikorosho yake, mvi tele. Nikamweleza yote, na ile chaki.

"Nilijua, dada," akasema. "Niliipima kiganjani kabla sijasukuma boti. Lakini mama wa watu alikuwa anangoja, sikuwa na muda hata wa kuichuja."

"Mbona hukumwambia Meneja?"

"Nilidhani utamwambia wewe."

Ofisini nilikwenda kueleza. Meneja mpya alinisikiliza kwa heshima, akasema mafaili ya zamani hayapo tena. Basi nikabaki na kazi moja ninayoiweza. Bakari ana mashine yake ya kupulizia, na kila msimu ukianza nampelekea dumu la petroli safi, nimeliandika siku kwa chaki, herufi kubwa.

Hanikaribishi kwanza. Hulifungua dumu, humimina tone kiganjani, akasimama akilitazama. Nami husimama mbele yake na mkoba wangu mkononi, nikingoja likauke.