Siku ya Kulisifu Tanuri

Karakana ya vikombe ya mzee Harpal, pale Khurja, mji wa wafinyanzi huko India, ilikuwa inakata roho. Kila mzigo ulitoka tanurini na nyufa, na mnunuzi wa Delhi, wa mwisho aliyebaki, alishasema ukiharibika mmoja tena wasimpigie simu. Ompal, mtoto wa marehemu kaka yake Harpal, aliapa kuiokoa. Mchana alikuwa msimamizi wa karakana; jioni alisomea uongozi wa biashara chuoni.

"Sitaki insha kuhusu karakana," Profesa Wadhwa alimwambia. "Kaa na watu wako, chagueni tatizo pamoja, jaribuni dawa, tazameni kilichotokea, mjaribu tena. Huo ndio utafiti wa vitendo. Vitabu vyetu vitakufa kabatini tusipofanya hivyo."

Ompal alirudi amejaa moto. Shida ni kwamba kwa Harpal bosi hukaa kitini na fundi huchuchumaa. Kila alipouliza nini kinapasua vikombe, Birju, mchomaji wa tanuri, aliinua macho kutoka chini na kujibu, "Kila kitu kiko sawa, kaka."

Profesa alisema tafuta mahali ambapo wote mnakaa sawa. Ompal aliwaza, akaona siku moja tu katika mwaka mzima: sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo tanuri huvikwa mashada ya maua, hakuna anayegusa kifaa, na mwenye mali hula mikate ya puri na viazi sakafuni, goti kwa goti na mchota udongo.

Basi walipokuwa wanalamba vidole, akauliza, "Jamani, tuambiane ukweli. Tanuri hili lina kasoro gani?"

Birju akashika masikio yake mawili, kama anayemwombea mwenzake msamaha.

"Wee mtoto!" akasema mama Kishni, fundi wa kupaka rangi. "Leo? Mbele ya tanuri, na maua shingoni?"

"Chakula cha mungu bado kiko mdomoni, unaitukana kazi yake!" Harpal alinguruma. "Chuo kimekufundisha yote, ila leo ni siku gani hujui!"

Alijua. Tangu utotoni alijua kwamba siku ile vifaa husifiwa tu, kwani neno baya huviletea mkosi. Ila kwa kutapatapa kwake aliiona sakafu tu, siku yenyewe akaisahau.

Baada ya hapo hakuna aliyemkaribia. Mzigo wa Delhi ukachomwa, tanuri likafunguliwa, na vikombe vilikuwa na nyufa kutoka mdomoni hadi kitakoni. "Ulilitamkia mkosi mwenyewe," Harpal alisema, hata bila hasira. Akafunga karakana.

Siku ya kuchukua vitu vyao, mafundi walikaa juu ya vigae vya vikombe, Ompal kati yao. Viti vilikuwa vimeshauzwa.

"Mimi nilikuwa nafungua mlango kabla tanuri halijapoa," Birju alisema ghafla. "Kila asubuhi ulipita hapa: 'Bado tu, Birju? Bado tu?' Ningefanyaje?"

"Na ule udongo wa bei poa haushikani na rangi yangu," mama Kishni akadakia. "Ningesema, ningekuwa nimemkosoa mzee aliyeununua."

"Mbona hamkuniambia?"

Mama Kishni alicheka mpaka akajifuta macho. "Wewe? Mtoto wa nyumba ile ile? Si ungekwenda kutusemea kwa mzee!"

Ompal alikimbia hadi nyumbani, pumzi juu. "Baba mdogo, tumejua! Nipe mchomo mmoja tu!"

Harpal hakuinuka kitandani. "Wa vyuma chakavu wako njiani, mwanangu. Nimeshapokea pesa yao."

Jioni profesa alimsikiliza huku uso unang'aa. "Walisema wenyewe? Mamlaka yalipoondoka? Ompal, hii ni sura ya tasnifu ambayo wengi hawaipati!"

"Tanuri limekatwa vipande, Profesa."

"Na hilo liandike."

Aliandika. Tasnifu ikasifiwa. Asubuhi moja, akienda chuoni kuichukua, alimwona Birju kwenye njia panda ya vibarua, amechuchumaa na sepetu ya kuazima, akisubiri mtu wa kumwita. Ompal naye akachuchumaa mbele yake, vumbini.

"Mambo yakoje, Birju? Niambie kweli."

Birju alitazama viatu vya Ompal, kisha barabara.

"Kila kitu kiko sawa, kaka."