Chaja Iliyosema Imejaa

Aling Sidra, yaani Mama Sidra, akikasirika hapandishi sauti. Anakunja nguo. Jumatatu ya Juma Kuu nilimkuta amekunja kila kitu kilichokuwa kwenye kamba, hata matambara ya kufutia meza ya samaki. Mbele yake, juu ya meza ndefu tunayoketia sisi wanawake kusoma Mateso ya Bwana, palikuwa na chaja ndogo nyeupe ya betri, inawaka taa ya kijani.

"Iangalie," akaniambia. "Inanicheka."

Sidra ni mjane, anauza samaki wa moshi. Nadhiri ya kusomesha Mateso ilikuwa ya bibi yake, ikaenda kwa mama yake, ikamfikia yeye. Kila mwaka, tangu Jumatano Kuu mchana hadi Ijumaa Kuu, mlango wake haufungwi. Tunaimba kitabu kizima, ubeti kwa ubeti, kwa zamu, na sauti haikatiki mpaka Bwana awekwe kaburini. Anayechoka hupokewa na mwenzake kabla hajameza mate. Kijiji kizima kinasikia kwa spika, na kijiji kizima kinakuja kula ndizi na viazi vya tui.

Mwenye sauti hasa ni dada yake mkubwa, Lumen. Miguu yake imekufa, analala nyumba ya ng'ambo ya barabara. Waya haufiki kule, na hata ungefika, pikipiki zingeusaga. Basi hupelekewa kipaza sauti kisicho na waya, kile cha kutiwa betri mbili, akaimba zamu yake kitandani.

Mwaka jana kilimzimikia katikati ya ubeti. Sisi huku tukadhani amechoka, tukapokea kama ilivyo desturi. Yeye hakujua. Aliendelea na zamu yake yote, macho ameyafumba, akiimbia chuma kilichokufa. Ilikuwa Ijumaa Kuu, maduka yote yamefungwa, betri nyingine hatukupata. Siku ya Pasaka mtu mmoja asiyeweza kuzuia mdomo wake akaenda kumwambia. Lumen hakulia. Alisema tu, "Kikizimika tena, msiniletee tena."

Ndiyo maana Sidra alinunua betri za kuchajiwa, jozi mbili, moja iimbe na nyingine ishibe. Na hiyo chaja, kutoka kibanda cha Tibong sokoni. Ilikuwa rahisi kuliko zote. Hilo halikumsumbua, vitu vyake vyote ni rahisi na vinafanya kazi.

Lakini hakutaka kungoja Jumatano ndipo aijue. Alikiwasha kipaza sauti mbele ya redio mpaka kikazimika, akazichaji zile betri, akaona kijani, akazirudisha. Kikafa kabla hajamaliza kupanga sinia moja la samaki.

"Labda betri ndizo mbovu," nikamwambia.

"Nami nilidhani hivyo. Nikaenda kanisani, nikamwomba mtunza sakristia anichajie jozi moja kwenye chaja yao nzuri. Zikaimba na redio tangu sala ya mchana mpaka kuku wanaingia bandani. Kwa hiyo betri ni nzima. Sasa kaa hapa, sikiliza." Akanivutia kiti. "Nikapeleka tena, akanijazia. Nikazitia hizo zilizojaa kwenye hii kitu. Nyekundu, halafu kijani. Muda wa kuivisha sufuria moja ya wali. Nikazitoa, nikatia jozi yenye njaa, haina kitu kabisa. Nyekundu, halafu kijani. Muda gani?"

"Sufuria moja ya wali?"

"Ile ile! Haijui kama imebeba shibe au njaa. Inahesabu muda wake, ikichoka inasema imejaa. Hii si taa, hii ni saa. Saa ya uongo!"

Mimi si mtu wa hasira, namwomba Mungu kila siku anipe upole, lakini nilipoiona ile taa ya kijani imetulia pale kama mtoto aliyelala, damu ilinipanda. Kitu kibovu kikikaa kimya unajua la kufanya. Hiki kilimwambia mtu nenda, kiko tayari, kisha kikamwacha katikati ya ubeti.

Tukaenda sokoni. Tibong alikuwa anapanga tochi.

"Mama Sidra! Umekuja kuongeza nyingine?"

"Nimekuja uile hii."

"Ah, Mama, nitakula plastiki katika Juma Kuu?"

Watu wakacheka. Sidra hakucheka. Akamweleza yote, sufuria ya wali na shibe na njaa, na Tibong akainua mabega.

"Kwa bei ile ulitaka nini? Ikuimbie?"

"Rahisi sikuikataa. Ingesema nachelewa, ningengoja. Ingesema siwezi, ningenyamaza. Mbona inasema imejaa?"

"Basi si unaichomoa tu, unaichomeka tena! Mara tatu, inajaa. Kila mtu anafanya hivyo."

Sidra akaiweka chaja juu ya tochi zake.

"Ulijua," Sidra akasema.

"Kila mtu anajua, Mama."

"Kila mtu nani? Mimi ulinipa kwenye mfuko, ukanionyesha taa, ukaniambia ikiwa kijani tayari. Kwa mdomo wako huo. Na ukizidisha je?"

Tibong akakuna shingo. "Zinapata moto sana. Zinaweza kuvuja. Lazima mtu awe karibu, azishikeshike."

"Alhamisi na Ijumaa Kuu utakuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimefunga duka."

"Utakuwa kwangu. Karibu yake. Unashikashika."

"Mama Sidra, mimi hata kusoma yale Mateso siwezi…"

"Nani amekuambia usome?"

Tibong alitoa pesa kumrudishia. Sidra hakuzichukua. Madukani watu wote walikuwa wanatazama, na mama yake Tibong, muuza mboga kibanda cha pili, akamwambia mwanawe bila hata kuinua kichwa, "Utakwenda."

Akaja. Ijumaa Kuu mchana alikuwa ameketi sakafuni kando ya soketi, bakuli la ndizi za tui magotini, anachomoa, anachomeka, anaweka betri shavuni kama anayepima homa. Mimi ndiye niliyekuwa navuka barabara, napeleka jozi mpya kwa Lumen na kurudi na iliyochoka. Lumen alikiangalia kile kipaza sauti kwa jicho baya, akakishika.

Zamu yake ilipofika, sauti ikatoka kwenye spika, imekwaruza kidogo. Ikafika ubeti ule wa mwaka jana. Mezani hakuna aliyethubutu kupokea. Ikaupita. Ikaingia ubeti uliofuata, na uliofuata, ikaanza kupanda.

Tibong akainuka, akaachia tabasamu, akamtazama Sidra.

"Unachekea nini?" Sidra akamnong'oneza, machozi yanamtiririka na uso bado umekunjamana kwa hasira. "Hizo zina moto?"

"Vuguvugu, Mama."

"Basi bado hazijajaa. Kaa chini."