Pulie ya Mifereji Saba

Tulikuwa tunatoka Kibumba kurudi kwetu Goma, mimi na mume wangu, kwenye matanga ya mama mzazi wa mwalimu mwenzangu. Ilikuwa alasiri. Mvua ilianza tukiwa bado tunakula, na tulipoaga, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashamba ya kabichi. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Mume wangu ana pumu, na vumbi la Goma limemfanya akabidhi usukani miaka mingi iliyopita. Gari letu ni la zamani, lilifika kutoka Japani likiwa limekwisha kuchoka. Usukani wake uko kulia, na kwa kuwa sisi tunapita upande huo huo wa kulia, kila nikitaka kulipita lori ni yeye anayechungulia na kuniambia kama njia iko wazi.

Kioo cha mbele kilianza kushika mvuke. Nikawasha klima, kile kiyoyozi cha gari. Sikuiwasha kutafuta baridi, kwani Kibumba baridi haitafutwi. Hewa ya klima ndiyo inayokausha kioo. Mara nikasikia sauti chini ya boneti kama mtu anayekwangua sufuria tupu kwa kijiko cha chuma. Ikaja harufu ya mpira unaoungua, kisha mlio mmoja mfupi, na usukani ukawa mzito mikononi mwangu kama umefungwa kamba. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Nililiongoza gari hadi kando ya njia kwa mwendo uliobaki, nikazima.

Hapakuwa na nyumba karibu. Upande mmoja mashamba, upande mwingine mawe ya volkano na nyasi. Mume wangu alikuwa ametoa pompi yake ya pumu na kuvuta mara mbili, lakini ile hewa ya ukungu ilikuwa imeshamkaba. Nilisikia kifua chake kikipiga filimbi. Aliniambia kwa ishara nisitoke nje.

Tulikaa hivyo mpaka watu watatu wenye bunduki walipotokea shambani na kuja moja kwa moja kwetu. Hatukuuliza ni wa upande gani. Huku hakuna anayeuliza hivyo. Mmoja aligonga kioo cha kwangu.

"Munatoka wapi?"

"Kwenye matanga, papa. Gari imekufa."

Aliinama akamtazama mume wangu, akatazama kiti cha nyuma, akatazama kabichi mbili tulizopewa na wafiwa. Sijui alichokuwa anatafuta. Najua tu kwamba mikono yangu ilikuwa juu ya usukani na sikuthubutu kuitoa. Hakuuliza swali la pili. Aliwaambia wenzake jambo, wakavuka njia, ukungu ukawameza. Mume wangu akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la maharagwe, mtu wa Butembo aliyekuwa anateremka kwenda Goma. Alisimama bila kuitwa. Alifungua boneti, akaingiza mkono, akatoa kipande cha mkanda mweusi kilichochanika kama nyama iliyopikwa sana.

"Mama, kompresa ya klima imekufa," alisema. "Imekamata, haizunguki tena, njo imekata mukanda. Na huu mukanda moja njo unazungusha byote: maji ya motere, batri, usukani. Usiwashe motere hata kidogo, utaiunguza."

"Sasa tutafanya nini?"

Alimtazama mume wangu. "Muzee eko anapumua mubaya. Nitabavuta."

Alifunga kamba. Ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia. Akanieleza kwamba motere, yaani injini, ikiwa imezimwa breki inakuwa ngumu kama jiwe, kwa hiyo nikiona taa zake nyekundu nikanyage kwa miguu yote miwili. "Na usiache kamba ilegee," alisema, kisha akapanda lori lake.

Kutoka Kibumba hadi Goma njia inateremka. Nimeipita mara nyingi sana na sikuwahi kujua kwamba inateremka kiasi kile. Mbele yangu kulikuwa na ubao wa nyuma wa lori, karibu sana, mrefu, wenye matope, na kioo kikijaa mvuke kila tulipopumua. Mume wangu alikuwa amejisogeza mbele, anafuta kioo kwa kitambaa chake cha kanisani, anafuta huku kifua kinapiga filimbi, na kila akiacha kufuta ili avute hewa, lori linapotea. Kila taa nyekundu zilipowaka nilisimama juu ya breki, kabisa nilisimama, makalio yameacha kiti. Mara moja ubao ule ulikuja mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua tulikuwa bado tunakwenda. Sikusali. Watu wakisikia kisa hiki hudhani nilisali, lakini sikukumbuka hata neno moja la Salamu Maria.

Dereva yule alituacha kwenye garaji moja ya mtaa wa Mabanga, akafungua kamba yake, akakataa tumpe chochote, akaondoka. Mume wangu alipelekwa hospitali, akalazwa siku mbili.

Fundi wa garaji ile ni mtu wa sauti ya chini, wa makamo. Nilimwuliza kama tunaweza kuiacha kompresa na kuweka mkanda mfupi unaoiruka. Akasema kwa motere ya gari letu amejaribu zamani, mkanda unateleza. Halafu daktari akasema tena yale ambayo amekuwa akituambia siku zote: mgonjwa huyu asafirishwe vioo vikiwa vimefungwa. Vioo vikifungwa bila klima asingeweza kupumua, basi ikabidi nitafute kompresa.

Fundi aliifungua ile mbovu, akaifuta, akaitia kwenye mfuko wa mchele, akanipa.

"Tembea nayo, Mama. Usinunue piesi kwa mudomo. Batu batakuambia zote ni sawa, na haziko sawa."

Akanifundisha mambo ya kuangalia. Mashimo ya bolti yakae palepale. Midomo ya mabomba itazame upande uleule. Pulie, lile gurudumu unapokaa mkanda, iwe na mifereji saba. Umeme wake uwe wa volti kumi na mbili. Nizungushe uso wa mbele kwa mkono, uende laini na uzito kidogo. Ukienda kwa kukwaruza, niiache. Na nichovye kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba: mafuta yakitoka meusi, au yanameremeta, hiyo imejila yenyewe ndani.

Kwa wiki nzima, nikitoka shuleni, nilipanda pikipiki na ule mfuko mapajani. Mimi ni mwalimu. Maisha yangu yote nimebeba karatasi. Wauza piesi, vipuri vya magari, walinicheka kwanza, kisha walizoea. Mmoja alinipa kompresa ya lori, ya volti ishirini na nne. Mwingine alikuwa na moja iliyopakwa rangi mpya, nzuri kama zawadi. Nilipochovya kitambaa kikatoka na unga wa fedha. Alinitazama kwa hasira, akaninyang'anya kompresa yake. "Nani alikufundisha bile?"

Wa tatu alikuwa nayo inayofanana kabisa na yangu. Mashimo sawa, midomo sawa, inazunguka laini. Nilihesabu mifereji ya pulie. Sita. Nikahesabu tena kwa ukucha.

"Mukanda utaenea tu," alisema. "Mufereji moja ni nini?"

Nilirudi nyumbani na habari hiyo. Mume wangu alikuwa kitini karibu na dirisha lililofungwa, amechoka kukaa ndani.

"Chukua hiyo," alisema. "Umehangaika vya kutosha."

"Mkanda utakaa pembeni. Utaliwa."

"Baada ya mwaka, labda."

"Au siku tutakapokuwa tena kule juu."

"Mama, unaogopa kupita kiasi."

Nilimjibu kwa ukali ambao sikuwa nimeukusudia. Nilimwambia yeye alikuwa anafuta kioo, mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga breki. Usiku ule nililala nikiwa nimemkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa siwezi kusikia kijiko kikigusa sufuria jikoni bila kushtuka.

Nilirudi kwa yule wa mifereji sita kumwambia hapana. Badala ya kununa, alisema anamjua mama mmoja ambaye gari la aina ya letu limelala katika parseli yake, yaani kiwanja cha nyumba yake. Akamwita shemeji yake anipeleke. Shemeji alikuwa mtu mrefu asiyesema, akatangulia kwa miguu. Tulipita uchochoro mmoja, tukakata mwingine, kuta za mbao zinakaribiana, na baada ya muda nikagundua kwamba sijui tena barabara iko wapi. Siku hizi mtu hupotea mjini kwetu na familia ikabaki inasubiri simu. Niliwaza kumwambia nimesahau kitu. Niliwaza kwamba ule mfuko ni mzito vya kutosha kumpiga nao mtu. Miguu iliendelea kumfuata tu.

Alisimama kwenye mlango wa mabati, akabisha. Akafungua mama mnene wa umri wangu, mikono ina unga wa muhogo. Ndani ya ua, karibu na jiko la makaa, lilikuwa gari letu. Yaani si letu, lakini lile lile, hata rangi. Nusu ya nyuma ilikuwa imeungua mpaka chuma. Kwenye mlango wa dereva kulikuwa na matundu.

Nilishindwa kusogea. Yule mama aliona ninachotazama.

"Muzee wangu hakukuwa ndani," alisema. "Gari ilikuwa imesimama njiani wakati wa vita. Yeye eko Butembo, anauza maharagwe. Unaogopa bure."

"Nilidhani..."

"Bote banadhania bile. Kuna mwengine alikimbia." Alifuta mikono kwenye kitenge, akainua boneti mwenyewe. "Angalia mbele. Mbele moto haukufika."

Nilipiga magoti. Mifereji saba. Nilihesabu mara tatu, na yeye akahesabu pamoja nami, kwa Kifaransa. Nilizungusha uso wa mbele, ukaenda kimya. Mafuta kwenye kitambaa yalikuwa safi, na rangi yake kama ya chai ya rangi. Nilikaa pale chini nikalia, na yule mama, bila kujua lolote kuhusu Kibumba, akaniletea kiti cha plastiki.

Niliinunua, na fundi aliifunga kwa siku mbili. Nilimsimamia wakati anasafisha mabomba, kwa kuwa alisema kompresa inapokufa hutapika unga wa chuma ndani ya klima nzima, na unga huo huua ile mpya. Alibadilisha pia chupa ya kukaushia gesi, kisha akatia gesi mpya. Aliponiambia niwashe, niliomba awashe yeye. Motere ilinguruma, akabonyeza klima, kukasikika tik moja ndogo, na hewa baridi ikatoka.

Mwezi uliofuata mume wangu alibanwa tena, mchana wa jua kali, mtaa wote wa Keshero umejaa vumbi la pikipiki. Nilimfunga mkanda wa kiti, nikapandisha vioo, nikawasha klima. Niliendesha polepole mno, watu wananipigia honi, masikio yangu yote yako chini ya boneti. Alikuwa ameegemeza kichwa, anavuta ile hewa ya baridi kidogo kidogo. Tulipofika hospitali alishuka mwenyewe, akatembea hadi mlangoni.

Kule juu hatujarudi. Mwalimu mwenzangu ametualika tena, kwa misa ya mwaka ya mama yake, na mume wangu anasema twende. Mimi kila asubuhi nafungua boneti, nahesabu mifereji, na bado sijakubali.