Kikwembe cha Madame kimerudi kwangu

Bandugu, leo niko na hasira mubaya!

Munajua mimi ninauzisha bikwembe, bitenge bya bamama, hapa ku soko ya Mususa.
Juma yenye ilipita, comité ya bazazi ilikuja kununua kwangu kikwembe ya super wax, ile ya bei kali, cadeau, zawadi ya Madame, mwalimu wa batoto yetu.

Comité ilisema eti kila muzazi atoe franga kwa hiari.
Hiari gani? Majina ya benye habakutoa ilibandikwa ku mulango ya classe! Mama mumoja mwenye alikimbia vita ya Luofu aliuzisha kuku yake ya mwisho, ju mutoto asipate haya.

Leo asubui, nani anaingia? Madame mwenyewe.
Sachet yenye anabeba ni ile yangu. Fundo ni lile nilifunga.
«Mama, urudishe kikwembe, unipatie hata bunga. Mushahara hatuyapata bado.»

Nilimupatia bunga. Lakini nilichoka kabisa: sisi bazazi bote, hata mumoja hakumuuliza Madame anahitaji nini!

Nikarudisha kikwembe ku étalage, meza yangu ya kuuzishia.
Saa kumi, comité ya shule ingine inafika. Banatafuta cadeau ya mwalimu. Banashika kile kile!

Nikabauliza: «Mwalimu wenu alikula leo?»


Na ninyi bandugu, mwalimu wa kwenu alikula?