Nilimtafuta kwa jina la hati ya mashtaka, akakosa kumzika mama yake

Wakuu, heshima kwenu. Hili hata mke wangu sijamsimulia. Siongezi chumvi.

Mimi ni karani kwa wakili mmoja hapa Mpanda, ofisi iko Kawajense. Tulikuwa tunamtetea mfugaji nyuki wa Ugalla aliyeshtakiwa kuchoma mizinga ya kikundi chao. Mwenyewe alisema siku ya moto alikuwa Kabungu kwa shemeji yake, anavuna mahindi. Ila ushahidi wa shemeji peke yake ulikuwa mwepesi.

Tukapewa meseji zote za group la kikundi. Maelfu!

Mimi ndo kwanza nilikuwa nimefundishwa app ya AI inayosoma Kiswahili na kupekua ushahidi wa kielektroniki. Nilijiona mjanja kweli.

Nikaandika jina lake kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka: Yohana. Majibu, hakuna. Nikamwambia wakili, "Bosi, humu hatajwi popote." Kisha nikaenda kunywa chai. Hata meseji za siku ile ya moto sikuzifungua kuzisoma.

Wadhamini alikosa, akaendelea kukaa rumande. Mama yake akafariki, akazikwa yeye akiwa ndani.

Baada ya msiba mkewe akaja ofisini. Nikamweleza tulivyotafuta.

"Yohana? Nyie, kule nani anamwita Yohana? Yule ni Baba Shija."

Wakuu, hilo nilipaswa kulijua. Mimi mwenyewe mtaani ni Baba Neema, jina langu la cheti majirani hawalijui.

Nikaandika Baba Shija. Zikaja meseji kibao. Moja ni ya siku ileile, katibu wa kikundi anawaambia wenzake: "Baba Shija msimsubiri, nimempita Kabungu anavuna mahindi." Katibu alimpita tu njiani, jamaa hakumwona, na katibu mwenyewe alikuwa ameshasahau kabisa. Alipoonyeshwa meseji yake akakumbuka, akaja kuthibitisha mahakamani, na jamaa akaachiwa.

Alipokuja kushukuru nilishindwa kumwangalia. Nikamwambia kosa lilikuwa langu.

Hakufoka. Akasema tu, "Hata mama alikuwa ananiita Baba Shija."

Akachukua kofia yake akaondoka.

Wakuu, app haikukosea, ilitafuta nilichoiambia. Siku hizi siandiki jina lolote kabla sijawauliza wanaoishi na mtu huyo wanamwitaje.

Nisemeni tu, nastahili. Ila na wewe jibu hapo chini: ukitafutwa leo, wa nyumbani kwako wanakujua kwa jina gani?